Hatua Tano

Mwezi Februari 2016, sisi wafanyakazi wanane wa ofisi moja mjini Stuttgart tulichanga fedha tukapanga nyumba ya kifahari Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima Matterhorn. Tuliipanga kwa juma moja, Jumamosi hadi Jumamosi, kama ilivyo desturi ya wapangishaji wengi wa huko msimu wa theluji. Kila mmoja alitoa faranga 1,200, na amana ya faranga 2,000 ikatoka kwenye akaunti yangu kwa kuwa mimi ndiye niliyetia saini mkataba. Sikuwa nimewahi kuvaa viatu vya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, maishani mwangu. Nakiri kwamba nilichofuata ni nyumba.

Magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi kijijini, hivyo yetu tuliyaacha Täsch, tukapanda treni kwa dakika 12, kisha mizigo ikabebwa na kigari chembamba cha umeme. Nyumba za mbao za milimani kama tuliyoipanga huitwa shale. Yetu ilikuwa ya ghorofa tatu, kuta na sakafu zote za mbao za lachi, mti wa ukoo wa msonobari ambao hupukutisha majani yake wakati wa baridi. Ilikuwa na sauna, meko ya mawe na dirisha pana la sebuleni lililoelekea Matterhorn. Naamini nusu ya kodi tulililipia dirisha hilo, ingawa kwa siku tatu za kwanza halikutuonyesha chochote ila wingu.

Wakala, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alitutembeza chumba kwa chumba akiwa na orodha ya vifaa mkononi, tukahesabu pamoja naye hadi vijiko vya chai. Jambo moja alilirudia mara mbili, nalo lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba kwa lugha tatu: viatu vya skii mwisho wake ni chumba cha chini, kwenye vyuma vya moto vya kuvikaushia.

Asubuhi ya siku ya pili, wenzangu wakiwa tayari wananingoja nje, niligundua kuwa glavu zangu nimezisahau juu ya meko. Kuvivua viatu vile na kuvivaa tena kulinichukua robo saa nzima, kwa hiyo nilipanda navyo. Nilivuka sebule kwa hatua tano, nikachukua glavu, na nilipogeuka nikaviona vijishimo vyenye umbo la mwezi mwandamo, kila kimoja mahali kilipokanyaga kisigino cha plastiki ngumu. Nilivipapasa kwa kidole kama mtu anayetaka kufuta wino. Kisha nikaivuta ngozi ya kondoo iliyotandikwa karibu na meko, nikavifunika.

Jioni sikutaka kuketi pale, nikatembea hadi Hinterdorf, mtaa wa kale wa kijiji, ambako yamesalia maghala ya nafaka ya mbao nyeusi. Kila ghala limekaa juu ya miguu, na juu ya kila mguu pana bamba la jiwe la duara ili panya asipite. Nilikumbuka kihenge cha bibi yangu kule Kondoa, nacho kiliinuliwa kutoka ardhini kwa sababu hiyo hiyo. Panya bibi aliwaweza. Wajukuu ndio waliomshinda, ila alikuwa akiangalia alama za vidole kwenye udongo wa kihenge na kutambua ni nani kati yetu aliyechokonoa karanga.

Jumamosi wakala alikuja saa nne asubuhi. Vijiko hakuvihesabu. Alisimama mlangoni mwa sebule, akatoa picha ya chumba kile, akailinganisha na kilichokuwa mbele yake, kisha akaenda moja kwa moja kuinua ngozi ya kondoo. Alipiga magoti akamulika tochi kwa ubavu juu ya mbao, na kila kijishimo kikatoa kivuli chake. Niliona uso unaniungua. Nilisema ni mimi, na wenzangu walipotaka tugawane gharama nilikataa, kwani hakuna hata mmoja wao aliyejua nilichokificha.

Baada ya mwezi mmoja nilirudishiwa faranga 1,600 za ile amana. Risiti ya fundi iliyoambatanishwa ilisema amesugua sakafu na kuipaka mafuta mahali sita. Mimi nilikuwa nimehesabu mahali patano.