Nilivyochora ilimba bila kuchora ilimba

Picha yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu: mbuyu, jua linazama, akina mama wanne wamebana ngoma za muheme katikati ya mapaja, na mzee kakaa kigodani na ilimba yake, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nilikesha nayo siku mbili. Asubuhi nikamwonyesha dada yangu. Akaitazama, akasema, "Nzuri. Kalenda ya benki gani hii?"

Aliniudhi, lakini alikuwa sahihi. Nilitaka kuchora muziki, nikaishia kuchora wapiga muziki.

Nafanya kazi steshenari hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo. Kutwa ni kadi za harusi, mabango, picha za pasipoti na watu wanaotaka kivuli cha cheti "haraka haraka, gari linaondoka". Nachora usiku, kwenye kompyuta ileile, kwa Krita, programu ambayo ni ya bure, na tableti ndogo ya kuchorea niliyouziwa na mwanachuo aliyekuwa anarudi kwao. Kalamu yake inausikia mkono: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda.

Nilijua wapo walionitangulia. Januari 1911 mchoraji Wassily Kandinsky alikwenda kusikiliza muziki wa mtunzi Arnold Schoenberg mjini Munich, Ujerumani, akarudi akachora picha ambayo piano ni doa kubwa jeusi na manjano yamefunika sehemu kubwa iliyobaki. Nikamuiga. Nikaweka wimbo, nikamwaga manjano. Ilitoka kama uji wa mtoto uliomwagika kwenye mkeka. Manjano yale yalikuwa ya masikio yake, si yangu.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Chamwino kwa baba mkubwa. Yeye si mtu wa majukwaa. Hupiga ilimba jioni akimaliza mambo ya mifugo, basi. Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyeifikisha ilimba nchi za mbali kabla ya kufariki mwaka 2003, baba mkubwa humtaja kama mtu anavyomtaja jirani ambaye mashamba yake yalikubali kuliko ya wengine.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Nikamweleza kwamba nataka kuchora sauti. Sikutegemea asicheke, lakini hakucheka. Akauliza, "Sauti ipi?"

"Ya ilimba."

"Ndiyo nakuuliza. Ipi?"

Akanigeuzia kisanduku. Mbele kuna tundu, na tundu limezibwa kwa kitu cheupe, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Ni utando wa buibui, ule anaofunikia mayai. Akapiga. Kila chuma kililia na nyuma yake kikaburuta mvumo, zzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Akanionyesha na vile vyuma ambavyo dole gumba haliviendei kabisa: vinatikisika vyenyewe wenzao wakipigwa. Kisha akaubandua utando kwa kucha, akarudia wimbo uleule. Noti zote zilikuwepo. Zilikuwa safi, kila moja peke yake, na hazikuwa na ladha yoyote.

"Hiyo imekufa," akasema. Halafu akaniambia nimtafutie utando mwingine, maana mimi ndiye niliyemharibia jioni. Nilipekua stoo na kuta za zizi kwa zaidi ya nusu saa. Niliupata nyuma ya mlango wa jikoni.

Nikamrekodi kwa simu. Usiku ule mjini nikakata kipande cha sekunde kumi na mbili, nikakiacha kijirudie kwenye hedifoni hadi nikaacha kukisikia kama wimbo. Nikafumba macho, nikawa nachora mstari kila gumba linaposhuka: pigo zito nakandamiza, jepesi nagusa tu. Kurasa nyingi zilikuwa takataka. Tatu zilikuwa na kitu, kwa sababu mistari ilianza kuzunguka yenyewe. Wimbo wa ilimba hauendi mbele, unarudi pale pale kila mara na kitu kidogo kimebadilika. Nikazipanga hizo tatu katika leya tofauti, yaani tabaka za picha, moja juu ya nyingine.

Lakini zilikuwa safi. Ilimba iliyobanduliwa utando.

Hapa ndipo nilipotumia wiki nzima. Kwanza nilikopi kila leya, nikaisogeza kopi pikseli tatu upande na kuipunguza nguvu hadi asilimia 20, kila mstari ukapata mzuka wake. Ikasaidia kidogo. Pili nikakumbuka jambo linalonisumbua kila siku kwenye mabango: mteja akitaka maandishi mekundu juu ya kijani, macho hayatulii. Rangi mbili zinazopingana, zikiwa na mwanga sawa na zikikaa bega kwa bega, zinatikisika mbele ya jicho. Kazini ni kosa. Nikalitaka kosa hilo. Kuhakikisha mwanga wake ni sawa, unaigeuza picha nzima iwe ya kijivu: mpaka kati ya rangi hizo ukipotea, umepatia. Nikazunguka mistari mikuu kwa nyekundu na kijani-buluu namna hiyo. Vile vyuma visivyoguswa nikavipa mistari ambayo kalamu haikukandamiza hata mara moja.

Umeme ulikatika mara moja katikati, nikapoteza kazi ya saa mbili. Nilichorudia kilikuwa bora, ingawa siku ile usingenieleza.

Kilichonishangaza ni karatasi. Faili lilikuwa la A3, pikseli 4961 kwa 3508, halina tatizo. Lakini kioo kinatoa mwanga, karatasi inaakisi tu, na wino wa printa hauzifikii rangi zile kali. Kijani-buluu ilitoka imefubaa, ikawa nyeusi kuliko nyekundu, na mtetemo wote ukaisha. Nilisimama na ile nakala mkononi, nikamsikia kabisa baba mkubwa: hiyo imekufa. Ikabidi nizichague rangi upya kwa kuchapa vipande vidogo vidogo, karatasi baada ya karatasi, huku bosi ananitazama na kuhesabu wino. Nikashusha nyekundu iwe ya matofali, nikapandisha mwanga wa ile nyingine, na kopi nikazisogeza pikseli tisa badala ya tatu. Nakala ya kumi na moja ilivuma.

Nilimpelekea baba mkubwa moja yenye fremu. Ameitundika sebuleni, chini ya saa. Wageni wakiuliza, huwaambia ni ramani ya mashamba yetu, na huwaonyesha kwa kidole mpaka wa shamba lake na la mjomba.