Nimeuza IST, nimebaki na baiskeli

"Dada, umekuja na usafiri?"

Tangu nirudi Tanga mwaka jana, swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za huko nilikotoka. Nimeulizwa msibani, nimeulizwa kwenye vikao vya harusi, nimeulizwa hata nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilipoondoka 2008, usafiri ulikuwa chochote kile kinachokutoa hapa kikakufikisha pale. Nimerudi nimekuta neno limeshahama nyumba. Usafiri siku hizi ni gari. Pikipiki inaitwa boda, ya miguu mitatu inaitwa bajaji, na baiskeli haimo kwenye hesabu. Ukijibu kwamba ndiyo, usafiri ninao, halafu mkatoka nje pamoja wakakuona unainama kufungua kufuli kwenye ringi, watu wananyamaza. Kisha mmoja wao anasema, "Pole."

Hiyo pole ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Sikufiwa wala sikuugua. Niliuza gari kwa hiari yangu, baada ya kukaa nalo miezi saba. Sina deni, biashara yangu haijafa, mume hajanikimbia. Nayataja haya matatu kwa sababu yote matatu yameshasemwa mtaani, na hilo la mume lilisemwa na mtu aliyekula nyumbani kwetu.

Wenzangu wa Tanga mnaijua Tanga ninayoizungumzia, sina haja ya kuwaeleza sana. Ngamiani, barabara ya 14, alfajiri kabla jua halijatoka, kitu cha kwanza kusikia baada ya adhana kilikuwa kengele. Mwuza mkate wa ajemi na kapu lake kwenye karia. Wanawake watu wazima, buibui limekusanywa upande mmoja lisiingie kwenye cheni, wanakwenda Mgandini. Wanafunzi watatu juu ya baiskeli moja, mmoja kwenye karia, mmoja kwenye bomba la mbele, na anayeendesha ndiye mdogo kuliko wote. Wageni wa Dar na Moshi walikuwa wakisimama kushangaa akina mama wanavyopiga pedeli. Sisi hatukuona cha kushangaza. Mji tambarare kama meza, upepo unatoka baharini, usiendeshe kwa nini? Baba alikuwa na Swala, zile zilizotengenezwa hapa hapa nchini, na ilipochoka akanunua Phoenix. Mimi nilizaliwa Bombo, na hadithi niliyokua nayo ni kwamba mama alifikishwa hospitali usiku ule kwenye karia ya Swala, baba akisukuma pale penye mchanga na kuendesha pale palipo pagumu. Hadithi hiyo niliibeba miaka 16 ya Ulaya kama mtu anavyobeba picha kwenye pochi.

Nilikuwa Utrecht, Uholanzi, nikihudumia wazee. Siku ya kwanza niliposhuka stesheni nikaona baiskeli zimejaa kila nguzo, moyo ulitulia. Nilijiambia hawa ni watu wa Tanga waliopauka kwa baridi. Baadaye walifungua jengo la kuegesha baiskeli chini ya uwanja wa stesheni, nafasi zaidi ya 12,500, ghorofa tatu, unaendesha mpaka ndani. Na bado hazitoshi. Waziri mkuu wao wa wakati huo, Mark Rutte, alikuwa akionekana kwenye baiskeli akienda ofisini, na hakuna aliyempa pole.

Hata mimi nilinunua gari kule, kwa sababu nilitoka nyumbani nikijua maisha yakinyooka gari hufuata. Nililiuza baada ya miaka mitatu. Kodi ya barabara, bima, kibali cha kuegesha, na gari lenyewe linalala barabarani wiki nzima huku mimi nakwenda kazini kwa pedeli kama wenzangu. Tangu hapo sikulitamani tena.

Kuna kitu kidogo nataka mkione. Vali ya tyubu ya baiskeli nyingi za Kiholanzi ni ile ile ya Phoenix: ukifungua kofia unachomoa kile kichuma chembamba, na kwenye baadhi yake bado utakuta kile kimpira laini kama utumbo wa dagaa kimevalishwa juu yake. Mara ya kwanza upepo uliponiishia Utrecht, fundi wa kule alikitoa kimpira mbele ya macho yangu, akakitazama kwenye mwanga, akakilamba kidogo ili kiteleze, akavalisha kipya. Hivyo hivyo alivyokuwa akifanya fundi wa barabara ya 9. Nilisimama pale kwenye baridi machozi yananitoka, fundi akadhani nimeumia.

Sasa nimerudi. Fundi wa barabara ya 9 bado yupo, amezeeka, na chini ya mwarobaini wake zimepangwa tairi za pikipiki. Nilimpelekea ringi yangu ya nyuma inacheza. Alikaa nayo kitambo, akaizungusha kwa kidole kimoja, akasogeza kipande cha chaki karibu na ringi mpaka ikajichora pale inapotoka nje, kisha akaanza kukaza na kulegeza spoku moja moja, robo mzunguko, robo mzunguko, bila kusema neno. Alipomaliza ringi ilipita mbele ya chaki bila kuigusa. Aliniambia, "Mwanangu, mkono haujasahau. Ila spea siku hizi naletewa kwa kubahatisha, wateja hakuna." Nikamuuliza wateja wamekwenda wapi. Akanyoosha kidole barabarani, boda nne zilikuwa zinapita.

Nilipoondoka pikipiki za Kichina ndiyo kwanza zinaingia, watu wanaziita toyo. 2010 zikawekewa kanuni za kubeba abiria, na ninyi mliobaki mnajua yaliyofuata. Siwalaumu vijana. Boda imewapa kazi. Ila baiskeli bado zipo mjini, nimezihesabu kwa macho, na wanaoziendesha ni wazee, wauza samaki, na watoto wasiokuwa na nauli. Mtu mwenye kazi ya kukaa kwenye kiti anaona aibu.

Ndipo nilipofanya kosa la kununua gari. Sikulihitaji. Niliposema nitatumia baiskeli, ukoo mzima ulikaa kikao. Mjomba akapiga simu kutoka Muheza. Nikamwambia habari za waziri mkuu wa Uholanzi, akanijibu jibu ambalo mpaka leo sijapata la kulipindua: "Yule akipanda baiskeli kila mtu anajua ni waziri mkuu. Wewe ukipanda, nani atajua ulikuwa Ulaya?"

Nikanunua IST, rangi ya fedha, kama ya kila mtu. Kutoka kwa mama mpaka kiduka changu cha vifaa vya wagonjwa, karibu na Bombo, hazifiki kilomita nne. Asubuhi nawasha gari, kabla kiyoyozi hakijapoa nimeshafika. Mafuta, bima, tairi, kuoshwa kila Jumamosi kwa sababu gari chafu nayo ni maneno. Uzito uliongezeka, magoti yakaanza kuniuma, mtu ambaye nilikuwa napiga kilomita 15 kwa siku kwenye upepo wa Februari. Na gari si lako peke yako. Nisogeze hapa, nipelekee mzigo Pongwe, gari lipambwe maua ya bi harusi. Sikulalamika, ndiyo ujamaa wetu. Lakini lawama ya kweli ilikuja nilipoliuza, na nakiri ilikuwa na haki ndani yake: "Mama akizidiwa usiku utampakia kwenye karia?" Jibu langu ni kwamba nina kijana wa bajaji barabara ya 12, simu yake haizimwi, na kila mwisho wa mwezi namlipa hata kama hatukumwita. Ni sehemu ndogo ya niliyokuwa nachoma kwenye petroli. Mjomba hajaridhika.

Haya yote nilikuwa nayavumilia. Lililonivunja ni la ndani ya nyumba.

Walikuja wageni wa posa ya mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka dukani mapema kusaidia jikoni, baiskeli nimeiegemeza ukumbini kama siku zote. Nilipotoka na sinia la kahawa nikaona mahali pake pako wazi. Nilidhani imeibwa. Nikaenda uani, nikaikuta nyuma ya choo, imelazwa chini, imefunikwa kwa khanga ya mama, ile yake nzuri ya Idi, kingo zimebanwa kwa mawe mawili ili upepo usifunue. Alitoa khanga yake ya Idi kuficha baiskeli yangu.

Usiku wageni walipoondoka nilikaa naye kitandani kwake. Sikutaka kugomba na mama yangu. Nikaanza kwa mbali. Nikamwambia Waholanzi hawakuzaliwa na baiskeli kama watu wanavyodhani. Miaka ya 60 na 70 walikuwa wanabomoa mitaa kupisha magari. Pale Utrecht walifukia sehemu ya mfereji wa mji wakapitisha barabara kubwa, na 2020 ndipo walipomaliza kuurudishia maji. 1971 magari yaliua kwao zaidi ya watu 3,000, watoto mamia, mpaka wazazi wakaingia barabarani kudai watoto wao waache kuuawa. 1973 mafuta yakaadimika duniani, serikali yao ikakataza magari siku za Jumapili.

Mama akasema, "Hata sisi. Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa, mafuta hakuna. Hiyo ilikuwa shida, mwanangu. Unaihadithia kama sherehe."

Nikamkumbusha usiku wa Bombo, karia ya Swala, baba anasukuma. Nilidhani atalainika.

"Nililia njia nzima," akasema. "Kila shimo nilikuwa nalisikia tumboni. Nilimwomba Mungu nisizalie barabarani. Wewe hiyo ndiyo hadithi yako tamu? Baba yako amekufa anataka pikipiki. Kila mwaka alikuwa anaweka, kila mwaka inatoka ada ya mmoja wenu."

Sikuwa na la kusema. Miaka 16 nimetembea na usiku ule kama ushahidi wa mapenzi, na mapenzi yalikuwepo, lakini mwenyewe aliyekuwa juu ya karia alikuwa analia. Hakuna katika familia yetu aliyewahi kuichagua baiskeli kabla yangu. Ninaweza kuichagua kwa sababu ada zilizokula pikipiki ya baba ndizo zilizonisomesha mpaka nikaondoka. Hili sikulijua nikiwa kule. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza.

Na bado sijarudisha gari, na sitarudisha. Magoti yameacha kuuma. Dukani nafika kwa dakika 15, nimesalimiana na watu wanane njiani, nimejua nani kafiwa na nani kajifungua. Mwezi wa nne mvua zilipojaza maji barabara, gari za wenzangu zimekwama, mimi nilivua viatu nikasukuma nikapita.

Mnaopanga kurudi na baiskeli kichwani, nisikilizeni. Msipakie kwenye kontena baiskeli yenu ya gia za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, siku ikiharibika itabaki pambo la uani, hakuna wa kuifungua hapa. Nunueni ya mtumba iliyo rahisi, na kabla ya kulipa tazameni ukubwa wa tairi: ya 28 ya Phoenix mtaipata mpaka kijijini, nyingine mtazunguka mji mzima. Njooni na vimpira vya vali, pakiti nzima, na mkagawe kwa mafundi wazee. Taa mbele na nyuma, kwa sababu boda nyingi za usiku zinakuja bila taa na dereva ana miaka 18. Na kumbukeni kushoto! Wiki ya kwanza mkono wangu ulinipeleka kulia kama Utrecht, nikakutana uso kwa uso na bajaji, na kovu ninalo kiwikoni. Mpeni fundi heshima yake, lipeni bila kupunguza bei. Na zaidi ya yote, kaeni kwanza na wazee wenu muwaulize baiskeli kwao ilikuwa nini. Mimi nilianza na pedeli, nikaumiza mtu.

Jumamosi hii kuna shughuli barabara ya 20. Mama ameshasema tutakwenda kwa bajaji, yeye na mimi, tumependeza, na nimekubali. Jumapili alfajiri ameniagiza samaki, changu, nikamchukulie Deep Sea kabla wachuuzi hawajawamaliza. Amesema nisichelewe, na nikirudi niipitishe baiskeli mlango wa uani.