Nati iliyoganda kwenye betri ya sola: ninavyoifungua bila kuua betri

Nyumba za pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani mpaka Michamvi, nati za betri hugandishwa na vitu viwili kwa pamoja: chumvi inayoletwa na upepo wa kusi, na mvuke wa asidi unaopenya pale kichwa cha betri (ncha ya risasi inayofungwa waya) kinapotokea kwenye mfuniko. Chumvi ikinyonya unyevu, risasi ya kichwa, shaba ya lagi (kipande kinachobana mwisho wa waya) na zinki iliyopakwa kwenye boliti huanza kulana. Zinki ndiyo inayokwenda kwanza, halafu chuma kinashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo meno yanabanwa kutoka ndani. Unga mweupe ni wa risasi au zinki. Ukiona wa kijani-buluu mwingi, ni shaba inayoliwa, na hapo kagua hata waya ulio ndani ya mpira.

Stenlesi nayo isikudanganye. Haishiki kutu upesi, lakini boliti na nati zote za stenlesi zikikazwa kavu kwa haraka, meno hukwaruzana yakashikana kama yaliyochomelewa.

Naanza kwa kuzima inveta na vyombo vyote, kisha nakata paneli, ndipo nagusa betri. Betri ikitolewa huku paneli zinasukuma umeme, kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) inaweza kuungua. Saa na pete navua, miwani navaa, na spana naizungushia tepu ya umeme ibaki mdomo tu. Madirisha wazi, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni.

Kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda kwenye mililita 250 za maji ya moto kinatosha. Vifuniko vya betri lazima viwe vimekazwa. Soda ikiingia ndani inaua asidi. Napaka kwa mswaki wa zamani mpaka povu liache kutoka, nafuta kwa kitambaa chenye maji safi, nakausha. Nyingi hulegea hapo hapo, maana kilichokuwa kinabana ni unga tu.

Isipolegea, natia mafuta ya kupenya kwa sirinji, tone moja moja juu ya meno, naiacha mpaka kesho yake. Sipulizi kwa kopo. Magamba ya betri nyingi zilizofungwa ni plastiki ya ABS, nayo hupasuka ikirowa kemikali kali, asetoni hasa.

Kisha spana mbili, namba 13 kwa boliti ya M8 (unene wa milimita 8), namba 10 kwa M6. Moja inashika kichwa cha boliti, nyingine inazungusha nati: kaza kidogo kwanza, legeza robo mzunguko, rudisha, ongeza tone. Ukitumia spana moja, nguvu yote inaishia kwenye risasi, ambayo ni laini. Mwenye nyumba atakwambia, "Fundi, gonga kidogo tu itatoka." Usigonge. Muhuri wa chini ya kichwa ukipasuka, asidi itapanda kila siku na betri hiyo haitengenezeki tena.

Ikikataa kabisa, nakata waya karibu na lagi, natoa betri nje, nafunika kichwa cha pili kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, halafu naikata nati ubavuni kwa msumeno wa chuma na kuipasua kwa bisibisi bapa. Grainda hapana, moto hapana: cheche na haidrojeni havikai pamoja, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Boliti ikikatikia ndani ya kichwa chenye meno ya ndani, sitii drili. Hujui kina chake.

Kufunga upya ndiko wengi wanakoharibu. Piga msasa risasi na lagi mpaka zing'ae, na lagi ikae moja kwa moja juu ya risasi. Juu yake washa bapa, washa ya springi, nati. Washa ya stenlesi ikiwekwa chini ya lagi inaongeza ukinzani. Miliomu 5 tu (omu 0.005) kwenye ampea 50 zinakula volti 0.25 na kutoa wati 12.5 za joto mahali padogo kama kucha. Nunua lagi zilizopakwa bati, hata kama ni ghali.

Kiasi cha kukaza kifuate maandishi ya betri. Ikiandikwa nyutonimita 10, ni sawa na kusukuma uzito wa kilo 7 mwishoni mwa spana ya sentimita 15, yaani si nguvu ya bega. Meno yapate vaselini kidogo sana kabla, na ukishakaza, paka kichwa chote mpaka shingo ya waya.

Baada ya mwezi rudi ukague, kwa sababu risasi hubonyea polepole ikibanwa na nati hulegea yenyewe. Inveta ikivuta ampea 50, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye risasi na nyingine kwenye lagi. Ikizidi volti 0.05, fungua usafishe tena.