Nilivyoingia kwenye kazi za wingu kupitia bili

Kuna malalamiko mawili ambayo ukiyasikia kwa pamoja utadhani mmoja anadanganya. Kampuni zinasema hazipati watu wa kuendesha mifumo yao kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Wenye vyeti vya wingu nao wanasema hakuna anayewaita hata kwenye usaili. Nimewahi kuwa mwomba kazi hizo, na sasa nakaa kwenye jopo la usaili, na naona wote wanasema kweli.

Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha seva. Kubadilisha diski, kuvuta nyaya, kuhakikisha bakapu ya usiku imekamilika, kuamshwa na simu kwa sababu seva fulani imejaa. Mwajiri wangu alipoanza kuhamishia mifumo kwa mtoa huduma wa wingu, wenzangu wengi waliona ugali wao umemwagika. Mimi nilikwenda kusoma matangazo ya kazi, na nikagundua kwamba yale yale yalikuwa yanarudi kila baada ya muda, maana yake hajapatikana mtu. Haikunishangaza sana. Amazon ilianza kukodisha hifadhi na kompyuta kwa mtindo huu mwaka 2006, na Azure ya Microsoft ikafunguliwa kwa wateja mwaka 2010, lakini zana zinazotajwa sana kwenye matangazo, yaani Docker na Kubernetes (za kufungasha na kuendesha programu) na Terraform (ya kujenga mashine za wingu kwa maelekezo ya maandishi), zilitoka 2013 na 2014. Mitaala ya vyuo haiendi kasi hiyo, na waliozijua mapema walishachukuliwa. (Bado kuna waajiri wanaodai uzoefu wa miaka mingi kuliko umri wa zana yenyewe. Kwao peleka maombi hivyo hivyo.)

Mlango wangu ulikuwa bili. Kila mwezi ilipanda na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini. Waandika programu walisema ni jambo la wahasibu, wahasibu wakasema ni jambo la waandika programu. Niliomba ruhusa ya kuangalia tu, bila uwezo wa kubadilisha chochote, nikaanza kupitia mstari mmoja mmoja. Nilikuta diski ambazo hazikuunganishwa na mashine yoyote: mashine ilishafutwa, diski ikabaki, na mtoa huduma anaitoza hata kama haisomwi na mtu. Nilikuta nakala za zamani zikilundikana bila tarehe ya kufutwa. Kubwa kuliko yote zilikuwa mashine za majaribio zilizowaka usiku na mchana. Juma lina saa 168. Ukiziwasha saa 12 kwa siku tano za kazi, zinatumika saa 60 tu, na zile 108 zilizobaki unalipia chumba kitupu. Niliandika ukurasa mmoja wenye jedwali na pendekezo la kuzizima kwa ratiba. Kuanzia hapo nikawa mtu wa wingu pale kazini, ingawa cheo changu hakikubadilika hata herufi.

Kujifunza nilijifunza kwa akaunti yangu mwenyewe. Kabla ya kuwasha chochote niliweka tahadhari ya matumizi, na akaunti kuu nikaifungia uthibitisho wa hatua mbili. Kila nilichojenga nilikiandika kwa Terraform na kukihifadhi kwenye Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, nikakibomoa jioni na kukijenga upya kesho yake. Hifadhi hiyo ndiyo niliyoiambatanisha na wasifu wangu, na ndiyo waliyoifungua wasaili. Cheti pia nilichukua kimoja cha AWS, wingu la Amazon, ambacho hudumu miaka mitatu. Kilinivusha kwenye mchujo wa awali. Ndani ya chumba cha usaili hakuna aliyekitaja. Mtihani ninaouheshimu zaidi ni CKA, wa usimamizi wa Kubernetes, kwa sababu unapewa saa mbili na terminali, dirisha la kuandika amri, utengeneze vitu kweli, hakuna kubahatisha A au B.

Swali lililonipa kazi lilikuwa hili: mashine iko kwenye wingu, ina anwani ya nje, lakini haifikiki. Utaangalia nini? Nilianza kama ambavyo ningeanza kwenye chumba cha seva. Je, programu yenyewe inasikiliza, na kwenye poti ipi, yaani mlango upi wa mtandao? Je, njia ya kutoka nje ipo kwenye jedwali la njia? Kisha kanuni za ulinzi, na hapa wengi huanguka. Kwenye AWS, kundi la ulinzi la mashine hukumbuka mawasiliano, kwa hiyo ukiruhusu ombi liingie, jibu linatoka lenyewe. Orodha ya ruhusa ya mtandao mdogo, yaani kipande cha mtandao ambamo mashine imo, haikumbuki chochote. Ukifungua poti 443, ya tovuti salama, kuingia bila kuruhusu majibu kutoka kwenda poti za juu, 1024 hadi 65535, ombi litafika na jibu litafia njiani. Wakaniuliza pia mtandao mdogo wa /28, yaani wenye anwani 16, una anwani ngapi za kutumia. Hesabu ya kawaida ya mitandao huondoa mbili na kukupa 14, lakini AWS hujiwekea anwani tano katika zile 16, zinabaki 11.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa geni kabisa kwangu. Majina ndiyo mapya. Ndiyo maana anayetoka kwenye mitandao, hifadhidata au usimamizi wa Linux huwa namwambia asianze kama mtu asiye na kitu. Kuhamisha hifadhidata ya zamani bila kupoteza data, kwa mfano, ni kazi inayotafutiwa watu kwa tochi, na haifundishwi kwenye kozi za wanaoanza.

Kwenye jopo letu, nafasi ngumu zaidi kujaza kwa sasa ni ya mtu wa ruhusa, yaani anayepanga nani au programu ipi ifanye nini. Tunampa mwombaji programu inayotumia faili za hifadhi moja tu, tunamwomba aiandikie ruhusa. Wengi huweka nyota kwenye kitendo na nyota nyingine kwenye rasilimali, yaani fanya lolote popote, na programu inafanya kazi vizuri kabisa, ila imepewa funguo za nyumba nzima. Anayeuliza kwanza, "Faili zipi, na inahitaji kuandika au kusoma tu?" huwa tunamwita tena.