Niliumia melini Alaska, kampuni iko Seattle, mimi naishi Houston

Mkono wangu wa kulia ulibanwa na mashine ya kukata vichwa vya samaki, kwenye meli iliyokuwa ikivua poloki katika Bahari ya Bering. Kinga ya chuma ya mashine ile ilikuwa imelegea muda mrefu, na msimamizi wa zamu alikuwa ameifunga kwa waya. Nilishushwa bandari ya Dutch Harbor huko Alaska, nikahudumiwa, kisha nikapandishwa ndege kurudi kwa familia yangu Houston, jimbo la Texas.

Wengi waliniambia nikadai fidia ya kawaida ya wafanyakazi. Kumbe hiyo haituhusu. Sisi wa melini tuna sheria ya Marekani nzima, Jones Act ya 1920, inayomruhusu baharia kumshtaki mwajiri kwa uzembe. Na usiseme wewe si baharia kwa kuwa kazi yako ni kukata samaki. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya msimamizi wa kazi za kupaka rangi, kwamba si lazima ushiriki kuiendesha meli.

Kabla hata ya kesi, baharia aliyeumia hulipwa posho ya kujikimu na matibabu mpaka afike pale ambapo daktari hawezi kumboresha zaidi. Hapo haiulizwi nani alikosea. Kampuni ililipa kidogo, ikasimamisha, kisha ikaniletea karatasi: pokea hela hizi, tia sahihi, usidai tena. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika na mke wangu alikuwa na wasiwasi. Mzee mmoja Mkongo aliyewahi kufanya kazi meli za huko akanipigia simu: "Ndugu yangu, usitie sahihi kitu. Tafuta wakili wa mambo ya bahari kule kule Seattle."

Nilitaka kesi iwe Houston, karibu na daktari wangu. Wakili akanieleza kwa nini isingewezekana: kampuni haikusajiliwa Texas, makao yake hayako Texas, na ajali haikutokea Texas. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilishikilia msimamo huo huo kwenye kesi dhidi ya kampuni ya reli ya BNSF iliyofunguliwa jimbo la Montana. Tukafungua mahakama ya jimbo la Washington, ambako ndiko Seattle iliko na ndiko nyumbani kwa kampuni, tukadai uzembe na pia ubovu wa meli. Muda wa kudai ni miaka 3 tangu kuumia, kwa hiyo anayesubiri huruma ya ofisi anajiumiza mara ya pili.

Kilichotubeba ni picha ya ule waya, niliyotumiwa na mwenzangu wa zamu, pamoja na nakala ya ripoti ya ajali. Baada ya barua ya wakili posho ilirudi, na upasuaji nikafanyiwa Houston kwa daktari niliyemchagua mwenyewe. Mahojiano ya kiapo niliyatoa kwa video. Seattle nilikwenda siku ya usuluhishi tu, na tukaelewana kabla ya kesi kusikilizwa. Wakili alichukua asilimia yake kwenye fidia. Mfukoni mwangu hakuwa amegusa hata senti.