Ngazi ya Sataranji Shuleni: Sheria Ziwabane Walio Juu

Wanafunzi wa klabu ya sataranji wakiachwa wajichagulie wapinzani, kila mmoja atacheza na rafiki yake tangu muhula unapofunguliwa hadi unapofungwa. Hodari atawakwepa wanaoweza kumshinda, anayeanza atacheza na anayeanza mwenzake, na ikifika siku ya kuteua timu, mwalimu hatakuwa na cha kutegemea isipokuwa sifa ambazo vijana wamejipigia wenyewe bwenini. Ndiyo sababu klabu ninayoilea, katika shule moja ya bweni mashariki mwa Uganda, huendesha ngazi: orodha moja ya majina yote, wa kwanza juu na wa mwisho chini, ambayo hubadilika kila mchezo unapoamuliwa.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Mwanachama anaruhusiwa kumwita mtu yeyote aliye ndani ya nafasi tatu juu yake. Akishinda, anachukua nafasi ya aliyeshindwa, na wote waliokuwa kati yao, pamoja na aliyeshindwa, wanashuka nafasi moja moja. Akishindwa au wakitoka sare, orodha inabaki kama ilivyokuwa. Rangi ya kete za kuchezea huamuliwa kwa kuficha kete mbili za askari, mweupe na mweusi, mikononi, mmoja akachagua ngumi. Ziko klabu ambazo wawili hao hubadilishana nafasi tu bila kuwagusa wa katikati, lakini sipendi njia hiyo, kwa sababu humtupa chini mno mtu aliyepoteza mchezo mmoja.

Kazi kubwa ya mlezi iko juu ya orodha. Mwalimu anayeanzisha ngazi kwa mara ya kwanza hujishughulisha mno na mwitaji: nani amwite nani, mara ngapi, saa ngapi. Mwitaji hana haja ya kusukumwa, kwa kuwa ana njaa ya kupanda. Anayeiua ngazi ni yule aliyekwisha kufika, ambaye hafaidiki kwa lolote akicheza na anaweza kupoteza kila kitu. Huyo leo ana mtihani wa kemia, kesho anafua nguo, keshokutwa ana zamu ya uangalizi wa bwalo, na wiki inapita huku jina lake likiwa palepale kama msumari ukutani. Kwa hiyo sheria zetu kali zinawahusu walio juu. Anayeitwa asipocheza ndani ya siku tano za masomo, ugonjwa ukiwa udhuru pekee, anahesabiwa kuwa ameshindwa. Aliye katika nafasi sita za kwanza asipocheza mchezo wowote wa ngazi kwa wiki mbili, anashuka nafasi moja hata kama hakuna aliyemwita. Viranja hulalamikia sheria hii ya pili kila muhula, wakisema si kosa lao kuogopwa, nami huwajibu kwamba wanaweza kushuka wenyewe na kumwomba mchezo aliye chini yao, kwani hakuna kinachowazuia.

Kwa upande wa mwitaji inahitajika sheria moja tu, na hapo hisabati, somo ninalofundisha, inanisaidia. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyebuni mfumo wa alama za kupima uwezo wa wachezaji, ambao shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, liliupokea mwaka 1970. Katika mfumo huo, mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya pointi zote watakazogombania. Kwa wanafunzi wetu, ambao sare kwao ni nadra, tunaweza kusema dhaifu atashinda karibu mchezo mmoja kati ya minne. Sasa mwache dhaifu huyo amwite hodari mara nne mfululizo: uwezekano wa kushinda angalau mara moja unafika kama thuluthi mbili, na ushindi huo mmoja unatosha kumtwalia nafasi. Kumbe anayeng'ang'ania atapanda bila kuwa bora. Tiba yake ni kwamba aliyeshindwa hawezi kumwita mtu yuleyule tena mpaka acheze kwanza na mtu mwingine.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha mpaka wa ngazi. Orodha husema nani yuko juu ya nani, wala haisemi kwa kiasi gani; pengo kati ya wa pili na wa tatu linaweza kuwa la unywele, na kati ya wa tatu na wa nne likawa bonde. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo hatuwezi kutegemea alama za michezo ya intaneti. Mimi huweka alama za Elo pembeni, katika daftari langu, na siwaonyeshi wanafunzi, kwani wakiziona wataanza kuzilinda.

Matokeo huandikwa kwenye daftari la klabu na kutiwa sahihi na wote wawili siku hiyohiyo. Saa za kupimia muda wa mchezo ni chache, hivyo huachiwa walio juu. Wengine hucheza mpaka kengele ya chakula cha jioni, na mchezo usipoisha, mahali pa kila kete panaandikwa kwa majina ya miraba ya ubao, kuanzia a1 hadi h8, ili uendelee kesho yake. Aliyegusa kete aicheze. Bila sheria hiyo utakuwa hakimu kila jioni.

Nafasi za juu zina uzito kwa sababu timu ya sataranji hukaa kwenye meza zenye namba, nne kama katika Olimpiadi ya mchezo huu, yaani mashindano ya dunia ya timu za mataifa, na kila mmoja anaota kuketi meza ya kwanza katika mashindano ya kitaifa ya shule yanayobeba jina la Padri Damian Grimes, aliyekuwa mkuu wa shule ya Namasagali kando ya Mto Nile. Wasichana wangu humtaja zaidi Phiona Mutesi, mchezaji wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyepata cheo chake cha kimataifa katika Olimpiadi ya mwaka 2012 kule Istanbul. Nafasi tatu za kwanza za ngazi huingia timuni moja kwa moja; ya nne naiteua mwenyewe, nikitazama daftari langu.

Kidato cha kwanza huingia chini kabisa, ila aliyetoka shule ya msingi yenye klabu huruhusiwa mwito mmoja wa kuruka hadi katikati ya orodha. Muhula wa tatu watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita huondolewa ili wasome, na waliobaki wanapanda kujaza mapengo.