Namba 42 na Kahawa ya Mbozi

Aprili 15, 2019 nilimsukuma mzee niliyekuwa nikimtunza, kwenye kiti cha magurudumu, mpaka uwanja wa timu ya besiboli ya Dodgers, Los Angeles. Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kumtunza. Alikuwa na miaka 78, mzaliwa wa Brooklyn, New York, na siku hiyo ya kumuenzi mchezaji wa besiboli Jackie Robinson hakukubali kuikosa.

Tulisimama kwanza kwenye sanamu. Robinson anajirusha chini, mguu mbele, akiwahi kituo cha mwisho kabla mpira haujafika. Mzee akavua kofia.

Nilidhani ataanza na ushindi. Akaanza na chuo. Pale UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, aliniambia, Robinson alitunukiwa heshima katika michezo minne: kikapu, riadha, mpira wa miguu wa Kimarekani na besiboli, jambo ambalo hakuna mwanafunzi wa chuo hicho aliyewahi kulifanya kabla yake. Na kati ya yote minne, besiboli ndiyo iliyomsumbua. Mwaka 1940 wastani wake wa kugonga ulikuwa .097, yaani katika kila majaribio kumi hakufikisha hata moja la mafanikio. Habari hiyo aliipenda kuliko nyingine zote, akairudia mara mbili.

Miaka saba baadaye, Aprili 15, 1947, kijana huyohuyo aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, timu hiihii ilipokuwa bado New York, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20. Alitukanwa, alitishiwa kuuawa, akacheza. Dodgers walipotwaa ubingwa wa 1955, mzee wangu alikuwa na miaka 14, akalia begani kwa baba yake.

Ndani, wachezaji wote wa timu zote mbili walivaa 42, namba ya Robinson. Sikuweza kujua nani ni nani, na mchezo wenyewe siufahamu vizuri. Mzee akaendelea kunisimulia. Robinson alipotundika daluga alikwenda kuwa makamu wa rais wa kampuni ya kahawa New York. Akasaidia kuanzisha benki Harlem ili watu weusi wapate mikopo. Kisukari kilimdhoofisha, akafariki 1972 akiwa na miaka 53 tu.

"Mwanawe David analima kahawa Tanzania," akamalizia.

Nikashika kiti kwa mikono miwili. Mimi ni wa Mbozi. Tangu utotoni nilisikia habari za Mmarekani mweusi aliyehamia kwetu miaka ya 1980, akafyeka pori kijiji cha Bara na kupanda mibuni. Baba yangu ana mibuni pia. Hakuna aliyewahi kuniambia baba wa yule bwana ni nani.

Ilikuwa saa mbili usiku, nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kwema huko? Mbona kelele?"

Nilimweleza kwa haraka, huku watu elfu na elfu wakishangilia. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akataka kumsikia mzee. Nikaiweka simu sikioni mwake, naye akatamka neno la Kiswahili nililomfundisha jikoni:

"Shikamoo."

Baba, mdogo wake kwa miaka kumi na zaidi, hakuitikia marahaba.

"Shikamoo wewe, mzee wangu," alisema. "Shikamoo."